Gunia la Visanduku

Mwalimu aliogopa pikipiki. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa gesi inayosemekana imelala chini ya ziwa letu, aliogopa mlima ukiwaka na aliuogopa zaidi ukinyamaza. Katika sekretaria yangu pale Murara, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mashine ya kuchapa, hakuwahi hata siku moja kukaa akiupa mlango mgongo. Nilimcheka miaka mingi. Afadhali nikiri mapema kabla sijaanza kumsifu: nilimcheka, halafu siku moja nikamfukuza, na kwa kuwa nilimfukuza, alikamatwa. Ndiyo maana namwandika.

Jina lake silitaji. Siku hizi hapa Goma jina la mtu si kitu cha kuanika uani. Mtaa wote ulimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha watoto wa Waislamu kusoma Kurani, na hata sisi Wakristo tulimwita hivyohivyo. Mimi wateja wananiita Mama Mashini. Ni Munande wa upande wa Beni, Mukatoliki wa rozari mkononi, na mdomo wangu unajulikana. Kazi yangu ni kuandikia watu barua za kuomba kazi, hati za kupotelewa na vitambulisho, matangazo ya matanga. Kiarabu sikukijua, wala sikutaka kukijua.

Hilo la kutotaka lina sababu. Kaka yangu aliuawa shambani kwake na watu wa porini. Nilipokimbilia Goma nilibeba watoto wawili, sufuria, na hadithi zilizokuwa zikizunguka kwetu, kwamba wale watu waliacha nyuma yao karatasi za maandishi ya Kiarabu. Sikuiona hata karatasi moja kwa macho yangu. Lakini hofu haiombi ushahidi. Nikipita karibu na msikiti nikaona yale maandishi juu ya mlango, nilivuka upande wa pili wa barabara.

Basi fikiria mzee wa kanzu anaingia kwangu saa nne za asubuhi, anachungulia kama hakuna mbwa, anachomoa kwenye soksi yake ile kumbukumbu ndogo ya kuchomeka ambayo huku tunaiita kle, na kusema anataka kuona ukurasa wake wa mtandao.

“Una virusi?” nikamuuliza.

“Miye? Hapana, mama. Ni malaria tu, na imeisha.”

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Nikafungua ukurasa kwenye kivinjari, na hapo ndipo nilipomwona mara ya kwanza akiogopa kweli, si ule woga wake wa pikipiki. Kila mahali palipotakiwa kuwa na herufi ya Kiarabu palikuwa na kisanduku kitupu, kama fomu ambayo haijajazwa. Chini yake alikuwa ameandika maneno yaleyale kwa herufi zetu hizi za shule, zenye nukta chini na vistari juu ili msomaji ajue sauti, na hizo nazo zilikuwa zimegeuka alama za kuuliza. Kilichobaki kizima ni Kiswahili peke yake.

Alifunika mdomo kwa mkono. “Mama Mashini, maneno imeenda wapi?”

“Mashini yako haikusoma kwa Waarabu, Muzee.”

“Usicheke. Hii ni maneno ya kuombea maiti.”

Akanieleza polepole, huku jicho moja liko mlangoni. Vita vilikuwa vimetawanya watu wake, wengine kambini, wengine ng'ambo ya mpaka wa Bunagana, na wengine hata hakujua wako wapi. Walikuwa wanafiwa huko. Wakifiwa wanampigia simu: Mwalimu, tuna maiti hapa na hakuna anayejua kusoma. Alikuwa akiwasomea kwa simu, mtandao unakatika katikati, maiti inangoja. Ndipo akaona aweke maneno yote mahali pamoja: Kiarabu kwa anayekijua, herufi za shule kwa asiyekijua, na maana kwa Kiswahili ili mtu ajue anasema nini. Kijana mmoja aliyehama mji alikuwa amemtengenezea ukurasa huo kabla hajaondoka. Sasa watu walikuwa wakiufungua juu ya kaburi lililo wazi na kukuta visanduku.

“Wakisoma vibaya juu ya maiti, nani ataulizwa?” akaniambia. “Miye ndio nitaulizwa.”

Kazi ile ilituchukua miezi. Sikuipenda, lakini mimi nikishikwa na jambo nisiloliweza silali vizuri. Nilijifunza kwa kupapasa, kila mtandao ulipokubali. Kivinjari, kumbe, hakijui chochote. Ukurasa wenyewe lazima useme juu kabisa, katika mstari ambao msomaji haoni, umeandikwa kwa mpango gani wa herufi. Usiposema, kinabahatisha, na kikibahatisha vibaya, unapata takataka. Ule wa Mwalimu ulikuwa hausemi kitu, na nusu yake ilikuwa imeandikwa kwa mpango wa zamani. Nilipomweleza, alitikisa kichwa kana kwamba nimemwambia habari ya jirani anayemjua.

“Ni mutu anabisha hodi na hasemi yeye ni nani,” akasema. “Siku hizi, mama, huyo anaweza kupigwa risasi.”

Hata mpango ulipokuwa sawa, visanduku vingine vilikataa kuondoka, kwa sababu kompyuta haikuwa na fonti yenye maumbo ya herufi zile. Ilijua ni herufi gani, lakini haikuwa na sura ya kuionyesha. Nikatafuta fonti, nikaifunga ndani ya ukurasa wenyewe ili kila simu iikute humo. Halafu Kiarabu kikaja kimesimama herufi mojamoja, hazishikani, tena zimeanzia kushoto. Mwalimu alipoona hivyo alisimama wima.

“Umeyakatakata,” akasema kwa sauti ndogo. “Mama, umeyakatakata.”

“Sijakata kintu! Ni mashini!”

“Unganisha, tafazali. Unganisha kabla mutu hajaona.”

Alikuwa na masharti yake, na masharti hayo yalinichosha kuliko hizo herufi. Kwanza, kunawa mikono. Si yeye tu, hata mimi. Alikuja na kidumu chake cha maji na kipande cha sabuni, na kabla sijagusa kibodi ananimwagia hapo mlangoni, wateja wanatazama. Pili, hakuna kula wakati ukurasa uko wazi, na mimi bila karanga sifanyi kazi. Tatu, hakuna kukata katikati. Mstari ukishaanza kusomwa lazima ufike mwisho, ndipo ufunge ukurasa au uitike simu au umjibu mteja. Umeme ukikatika, na huku unakatika utakavyo wenyewe, kioo kinakuwa cheusi naye anamalizia kwa mdomo, amesimama, uso ameuelekeza pale maneno yalipokuwa. Mimi nakaa nimeshika kifua kwa hasira. Akimaliza ndipo ninaruhusiwa kutukana umeme.

Na kulikuwa na gunia.

Ukitaka kujua kama herufi zinakaa sawa ni lazima uchape, uzione kwenye karatasi. Tulichapa nyingi, na nyingi ziliharibika. Karatasi ya kwanza ilipotoka imejaa visanduku niliikunja niitupe, na Mwalimu, mzee anayeogopa hata kuku wa jirani, alinikamata kifundo cha mkono.

“Usitupe.”

“Ni visanduku vitupu, Muzee! Mungu hayuko humu.”

“Weye unajua? Labda jina Lake iko chini ya hiki. Mashini ndio ilishindwa kusoma. Haimaanishi haikuandikwa.”

Kwao, karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani wala haikanyagwi. Inatunzwa mpaka ipatikane nafasi ya kuizika mahali safi. Hilo nilikuwa nimelisikia. Lakini kutunza makosa ya printa! Akaleta gunia la mchele, akalisukuma chini ya meza yangu, na kila karatasi iliyoharibika akaikunjua, akailainisha kwa kiganja, akaiweka humo. Nikamwambia atafuga panya. Akasema na panya pia anawaogopa, lakini si sana.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa mgumu wa kusifu: nilipofaulu kuunganisha zile herufi baada ya majuma mawili, alisema tu, “Bado huku chini.” Alipenda pipi kama mtoto na hakugawa. Na aliongopa, tena bila haya. Kwenye kila kizuizi cha barabarani akiulizwa kazi yake alisema fundi cherehani, na mfukoni alitembea na futi ya kupimia ili waamini. Nilipomsuta, alinijibu kwa methali ile ya wazee: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. “Miye nataka kwangu waende na kicheko,” akasema, huku akimenya pipi.

Lakini kuna jambo moja lililonichanganya akili. Zile siku ambazo mji ulitekwa, sisi sote tulikuwa chini ya vitanda. Milio iliponyamaza, kabla mtu yeyote hajathubutu kufungua dirisha, nilisikia tshukudu ikikwaruza kwenye mawe ya volkano huko nje. Nikachungulia. Alikuwa Mwalimu, anasukuma ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na kanyagio, juu yake ndoo, mashuka, na kidumu chake cha maji. Alikuwa anakwenda kuosha maiti. Alikuwa anatetemeka, niliona kwa macho yangu kanzu ikicheza magotini. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, siku nne. Baadaye niliambiwa hakuuliza yupi Mwislamu na yupi siye. Nilipomuuliza kama hakuogopa, alinishangaa.

“Maiti inaweza kukufanya nini, mama? Maiti yenyewe ndio inaogopa.”

Nikamletea maji.

Basi nifike kwenye kosa langu. Wenye bunduki walioshika mji walianza kupita nyumba kwa nyumba. Walisema wanatafuta silaha na majasusi. Mtaa wa nyuma yetu walimchukua mtu kwa sababu ya ramani ya shule ya mtoto wake. Habari hiyo ilinifikia nikiwa nakula maharagwe, nikaweka kijiko chini. Nikalitazama lile gunia. Likanitazama. Karatasi mia na kitu, zimejaa visanduku, alama za kuuliza na Kiarabu kilichokatika, zote zimetoka kwenye mashine yangu. Kwa mtu anayetafuta maandishi ya siri, hayo hapo, gunia zima.

Mwalimu alipofika sikumsalimu. “Ondoa gunia lako.”

“Juma hili, mama. Siku ya Ijumaa naenda makaburini, nitazika yote.”

“Leo. Sasa hivi!”

“Barabara ina vizuizi vingi leo.”

“Basi tuchome. Moto uko pale, kwa maharagwe.”

Akatazama jiko langu, akatazama gunia. “Kwa moto ya chakula? Hapana, mama. Haifanywe hivyo.”

“Muzee, nina watoto! Mimi nilishamzika kaka bila kumwona uso. Siwezi kufa juu ya visanduku vyako!”

Nilisema hivyo kwa sauti, na kulikuwa na mteja. Mwalimu hakubishana. Aliinama, akalivuta, akalitupia begani na kushika njia ya Katoyi, nyumbani kwake, mchana kweupe. Nilisimama mlangoni mpaka akapotea kwenye kona. Sitaficha nilivyojisikia: nilipumua. Nilirudi nikamaliza maharagwe yangu.

Kesho yake, saa nne, mke wa Mwalimu akaja. Ni mama mpole, mnene kidogo, asiyezungumza sana. Hakukaa.

“Mama Mashini, muzee walimubeba jana. Pale kwa kizuizi. Walifungua gunia.”

“Wanasema nini?”

“Wanasema ni maandishi ya siri. Wanamuuliza tu siku yote, mashini iliyochapa iko wapi.”

Hakuuliza chochote. Alinitazama, akatazama mashine iliyo nyuma yangu, akaaga.

Nilifunga sekretaria. Nikachomoa nyaya, nikaibeba mashine ya kuchapa mwenyewe, nikaiingiza chini ya kitanda na kuifunika kwa vitenge. Nikakaa juu ya kitanda na rozari. Kila buti lililopita barabarani nilisema ni la kwangu. Nilijiambia mtu mwenye watoto hana ruhusa ya kujipeleka. Nilijiambia yeye mwenyewe kalitaka, kwa nini asichome? Na nilingoja waje, kwa sababu mzee anayeogopa kuku atasema tu, atasema kabla hata hawajamgusa. Siku ile hakuja mtu. Siku ya pili pia hakuja mtu, na hilo likanitisha zaidi, nikadhani ameshakufa.

Asubuhi ya tatu nilifungua mlango kidogo nimwage maji. Kizingitini palikuwa na sahani yangu. Nilikuwa nimempelekea mke wake sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika sahani hiyo majuma yaliyopita. Ilikuwa imeoshwa, na ndani yake kulikuwa na viazi vitamu vitatu. Sahani ya mtu hairudishwi tupu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Mukatoliki na Mwislamu. Yule mama alikuwa na mume kizuizini, na bado alikumbuka kuwa sahani hairudi tupu. Yesu wangu! Niliona aibu mpaka masikio yakaungua. Sikujawa na ujasiri, watu wasinisingizie. Aibu tu ilizidi woga, kwa kipimo kidogo sana. Nikachukua kompyuta yangu ndogo ya mkononi, ile kuukuu, nikaifunga ndani ya kitenge kama mtoto, nikaenda.

Walimweka katika nyumba yenye ukuta wa mawe meusi. Aliyeamua mambo pale alikuwa mwanaume mwembamba, mwenye sauti ya chini, waliyemwita Shefu. Mezani kwake lilikuwa gunia letu. Nikafungua kitenge, nikaweka kompyuta kando yake.

“Ni miye nilichapa,” nikasema. “Si siri. Ni mashini haikuweza kusoma. Nitakuonyesha.”

Betri ilikuwa imebaki kidogo. Nilikuwa nimehifadhi ndani ya kompyuta kurasa zote, za zamani na mpya, maana mtandao ulikuwa hauko. Kwanza nikafungua ule wa zamani, usiosema juu umeandikwa kwa mpango gani: visanduku na alama za kuuliza. Shefu akatoa karatasi guniani, akalinganisha. Ni vilevile. Nikafungua mpya, wenye mstari wake juu na fonti yake ndani. Visanduku vikaondoka na Kiarabu kikatokea chote, kizuri, kimeshikana, kimetembea kutoka kulia. Nikajikuta nataka kusifiwa. Uso wa Shefu ukakunjamana.

“Hii ndio maandishi ya wale wa porini.”

“Hata miye nilisema hivyo, Shefu,” nikamjibu, na machozi yakaanza kunitoka. “Waliniulia kaka. Nilisema hivyohivyo. Lakini soma chini, kuna Kiswahili. Ni ya kuombea maiti.”

Alisoma. Muda mrefu. Kisha akaamuru Mwalimu aletwe, lakini asiingie. Asimame nyuma ya mlango, kwenye ukumbi, nisimwone wala asinione. Akampelekea karatasi moja ya visanduku.

“Mama atasoma hapa kwa mashini,” akasema kwa wote wawili. “Nikisema simama, anasimama. Muzee ataendelea na ile yake. Mukikosana, munabaki wote.”

Nikaanza kusoma zile herufi zetu za shule, zenye nukta na vistari, ambazo nilikuwa nimezipanga mwenyewe mojamoja nikiwa nimenuna. Sikujua ninachosema. Nilijua tu kila sauti inavyotoka, kwa sababu Mwalimu alikuwa amenisumbua miezi. Nilisoma mstari wa kwanza, wa pili. Katikati ya wa tatu, Shefu akapiga meza.

“Simama.”

Nikasimama. Nyuma ya mlango kimya. Nikahesabu pumzi zangu. Kimya. Nikasema moyoni, amesahau, hofu imemfuta kichwa, tumekwisha, watoto wangu Mungu awaone.

Halafu ikaja sauti, nyembamba, inayotetemeka kama ile kanzu.

“Hapana. Pale haikatwe.”

“Nini?” Shefu akasimama.

“Shefu, muambie mama amalize mustari. Akimaliza nitaendelea. Pale haikatwe.”

“Weye ndio unaniamuru miye?”

“Nakuogopa sana, Shefu,” Mwalimu akasema nyuma ya mlango, na nilijua ni kweli kabisa. “Naogopa mpaka nimejikojolea. Lakini pale haikatwe.”

Shefu alinitazama. Sijui aliona nini. Akafanya ishara kwa kidole, nami nikamalizia mstari, na neno la mwisho lilipotoka mdomoni mwangu, yeye akapokea kule nje. Alipokea mstari wa nne, wa tano, wa sita, mimi nikifuata kwa kidole kwenye kioo, na Shefu akifuata kidole changu. Haikupotea hata sauti moja. Alipoambiwa imetosha hakunyamaza. Alikwenda mpaka mwisho wa ukurasa, na betri yangu ilizimika kabla yake.

Shefu akakaa. “Siku tatu,” akaniambia, “namuuliza mashini iko wapi. Anasema amesahau. Mutu anakumbuka hii yote kwa karatasi isiyo na kintu, na amesahau mulango yako?”

Akacheka kidogo, na kicheko hicho kiliniogopesha kuliko meza aliyoipiga. Akasema tuondoke. Gunia likabaki pale.

Nilimrudisha Mwalimu kwa mke wake. Kwa muda mrefu baadaye hakuja kwangu, wala mimi sikumtafuta. Sikuwa na uso wa kumtazama.

Alikuja mara moja tu, asubuhi, na mfuko mdogo begani. Walikuwa wanaondoka siku ileile, yeye na mke wake, kupitia Bunagana. Alipoingia alichungulia mbwa kama kawaida, akakaa akiuelekea mlango. Niliposema karibu, aligeuza kichwa na kunielekezea sikio la kulia. Nikasema tena, akageuza hivyohivyo. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena. Zamani lilikuwa linasikia pikipiki kutoka Katoyi.

“Nawa,” akaniambia, na kutoa kidumu.

Nikanawa. Tukafungua ukurasa kwenye mashine yangu, tukaufungua na kwenye simu yake. Ulikuwa sawa pote. Watu wa ng'ambo walikuwa wamempigia simu kusema sasa wanasoma. Alisema hayo bila kunisifu.

“Muzee, ni miye nilikufukuza.”

“Najua. Nilikuwepo.”

“Nilijificha siku mbili.”

“Siku mbili si mingi. Miye ningejificha mwezi.”

“Kwa nini hukusema? Ungewaambia tu, ni kwa Mama Mashini. Weye unadanganya kwa kila kizuizi, unasema fundi cherehani!”

Alifikiri, akimenya pipi. Kisha, mara ya kwanza tangu nimjue, akanipa moja. “Niliogopa,” akasema.

“Uliogopa nini?”

“Kuulizwa juu yako. Kule.” Akaonyesha juu kwa kidole, haraka, kama mtu anayechongea. “Hawa nitawadanganya. Kule naenda kusema nini?”

Nililia, tena kwa sauti, na wateja walikuwepo. Akangoja nimalize, hapendi kukata katikati. Halafu akaomba nimchapie nakala moja, ya mke wake. Ilitoka vizuri, ila mstari wa mwisho kabisa, kwenye herufi moja ya shule yenye nukta chini, palibaki kisanduku. Kimoja tu. Sijui mpaka leo kilitoka wapi. Nikachapa nyingine, ikatoka safi, akaikunja na kuiweka kwenye soksi.

Ile mbovu ilibaki mezani kati yetu. Njia ya Bunagana ina vizuizi vingi, hakuweza kuibeba. Aliitazama, akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani ndiyo mara pekee aliyoogopa kuniomba kitu. Akasimama, akachungulia nje, akaondoka akifuata ukuta.

Nikaikunjua ile karatasi, nikailainisha kwa kiganja. Nikamwaga mchele wangu kwenye ndoo ili nipate gunia. Liko chini ya meza hapa ninapoandika, na karatasi zilizotoka na visanduku ndani yake sasa zimefika tano. Buti likipita nje naacha kuandika, na mlango ukigongwa nalisukuma ndani zaidi. Jirani ananiambia Mama Mashini, choma hiyo takataka, una watoto. Namwambia Ijumaa.